Kwenda Ng'ambo Kuminya Kipira

Baba yangu alikuwa mtu wa masharti. Ukimwomba ruhusa ya kwenda harusini, atauliza harusi ya nani, nani kakualika, mtakula nini, na kama ni wali kuku, kuku huyo wa kienyeji au wa kizungu. Ukijibu yote, anakuruhusu. Ukijikwaa kwenye swali moja, unabaki nyumbani unachambua mchele. Mie binti yake ndiye niliyekuwa kitindamimba, na kwa kuwa wakubwa zangu wote walishaoa na kuolewa wakahama, maswali yote ya dunia yaliniangukia mie.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, umwendee umwambie: Baba, nimepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Nakwenda kujifunza namna ya kuminya kipira kidogo kama punje ya mtama, kwa miale ya leza, mpaka kiwake kama jua.

Nilimwambia hivyohivyo, barazani kwetu Mwananyamala, alasiri moja akiwa anakunywa kahawa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yameanza kujaa vitu baada ya foleni za sabuni na sukari, na kila mtu mtaani ana kibanda anauza kitu. Mie nilikuwa nimemaliza chuo, nafundisha fizikia sekondari, nina miwani mikubwa na jeuri ya kutosha. Baba alishusha kikombe taratibu.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Sawa. Nimesikia. Lakini mie simtoi mwanangu kwenda kwa watu nisiowajua, kufanya kitu nisichokijua. Siku nikiulizwa msikitini, mwanao yuko wapi, nijibu nini? Yuko ng'ambo anaminya? Nieleze nielewe. Nikielewa, nakupa radhi yangu, nenda salama. Nisipoelewa, hakuna safari."

Kwetu hakuna aliyesafiri bila radhi. Binamu yetu mmoja aliwahi kuondoka hivyohivyo, kwa kiburi, na mpaka leo akipata mafua tu ukoo mzima unasema, unaona sasa, ni ile radhi. Kwa hiyo nilijua kabisa: Baba asipokubali, mie siendi popote. Na chuo cha huko kilitaka jibu upesi. Ukizubaa, nafasi anapewa mwingine.

Nikajisemea, hili si jambo kubwa. Mie ni mwalimu. Nimewafundisha watoto wa watu mvuke na umeme wakafaulu, nitashindwa baba yangu mzazi? Loh! Sikujua ninachokisema.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na mazuri yake. Nilimweleza kwamba mafuta ya kipira hicho yanatokana na maji, hata maji ya bahari ya hapo Kunduchi, na kwamba siku jambo likiwezekana, dunia itapata umeme usiokwisha. Hakuna mgao tena. Nilidhani hapo nimemmaliza, maana mwaka ule umeme ulikuwa ukikatika kila kukicha na redio yake ilikuwa inaishi kwa betri.

Baba akanitazama kwa huruma. "Usiokwisha?"

"Usiokwisha, Baba."

"Mwanangu," alisema, "tangu ruksa imeingia nimeuziwa betri isiyokwisha, ikaniishia katikati ya taarifa ya habari. Nimeuziwa sabuni isiyohitaji kufikichwa. Nimeuziwa dawa ya mende, mende wakanenepa. Mtu akiniambia kitu hakiishi, mie nashika mfuko wangu. Hebu acha kunitangazia biashara. Nieleze mnafanya nini."

Haki ya Mungu, nilikasirika. Lakini kuuliza si ujinga, na mtu mwenyewe alikuwa anauliza vizuri.

Tatizo lingine lilikuwa sikio. Baba alikuwa dereva mstaafu wa lori la saruji. Miaka mingi alipakia pale Wazo na kushusha mji mzima, na ile injini ilimwachia sikio moja tu linalofanya kazi, tena kwa hiari yake. Kwa hiyo somo langu la fizikia lilitolewa kwa sauti ya mnada. Kila alasiri mie nakaa barazani napiga kelele: "KINAMINYWA PANDE ZOTE, BABA! PANDE ZOTE SAWASAWA!" Wapita njia wanasimama. Mama lishe wa ng'ambo ya barabara anazima jiko ili asikie vizuri.

Na aliyesikia kuliko wote alikuwa mtani wetu. Huyu alikuwa Mnyamwezi, mzee wa rika la Baba, muuza mkaa wa pale kwenye kona, hatua chache tu kutoka barazani kwetu. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Akifiwa, unakwenda kumcheka. Ukioa, anakuja kulala juu ya kitanda chako. Anakwambia lolote, na wewe ukikasirika unatozwa faini. Yeye alimwita Baba mtumwa wangu. Baba alimwita mpagazi. Walipendana mno, lakini ungewasikia asubuhi wanasalimiana ungeita polisi.

"Mtumwa wangu!" alipiga kelele kutoka kwenye magunia yake. "Huyo mtoto anakwenda kuminya nini? Majipu?"

"Tua mzigo uondoke, mpagazi wee!" Baba alimjibu, kisha akanigeukia. "Endelea, mama."

Nikaamua kuacha maneno, nikatafuta vitendo. Nilinunua pulizo, yale ya watoto, nikalijaza maji bombani, nikalifunga. Ijumaa hiyo Baba alikuwa ameshavaa kanzu yake nyeupe anasubiri muda wa kwenda msikitini. Nikamwita na Shangazi. Shangazi ni dada yake Baba, aliyekuja kukaa nasi baada ya mama kufariki, na nyumba yote ilikuwa mikononi mwake, kuanzia ufunguo wa kabati la sukari mpaka nani aoge saa ngapi.

"Shikeni," niliwaambia. "Kila mtu aweke viganja vyake. Hiki ndicho kipira. Mikono yetu ndiyo miale ya leza. Tunataka kukiminya mpaka kiwe kidogo sana, lakini kibaki mviringo. Haya, minyeni wote kwa pamoja!"

Tukaminya. Pulizo likachomoza baina ya vidole vya Shangazi. Shangazi akakaza, likachomoza kwangu. Mie nikakaza, likatoka upande wa Baba likiwa limevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

"Unaona, Baba?" Nilikuwa na furaha kupita kiasi. "Hilo ndilo tatizo lenyewe! Ukiminya huku zaidi kidogo tu, kinatokea kule! Hakisinyai, kinapinda! Na huko maabara wanalia na jambo hilohilo, mwale mmoja ukitangulia au ukizidi..."

Shangazi, ambaye hakuwahi kushindwa na kitu, alikaza meno na kuminya kwa nguvu zake zote. Maji yote yakaenda kifuani kwa Baba.

Kutoka kwenye kona tukasikia kicheko, kisha sauti: "Mtumwa wangu kajikojolea mpaka kifuani! Mwe! Huo nao ufundi!"

Baba alikwenda msikitini na kanzu mbichi. Hakunikataza kuendelea. Jioni alirudi na maswali mapya. Kipira chenyewe kina nini ndani? Nikamwambia ni gesi iliyogandishwa kwa baridi kali. Kwa nini kiminywe? Kwa sababu vile vijimbegu vya gesi vinachukiana, havitaki kusogeleana, lakini ukivilazimisha vikakutana kwa joto kubwa vinaungana, na vikiungana vinatoa moto. Baba akafikiri.

"Kama bomu."

Hapo nilitakiwa niseme hapana haraka haraka. Lakini mie nina kasoro, nikiulizwa jambo la fizikia siwezi kusema uongo. Nikasema, "Ukoo mmoja, Baba, lakini hiki ni kidogo mno, hakiwezi hata kuvunja sahani."

Shangazi alikuwa anapita na beseni. Ya kuvunja sahani hakuyasikia. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba binti wa dereva anakwenda Ulaya kutengeneza bomu. Mama mmoja alinisimamisha njiani, akanishika mkono, akaniomba kwa upole kabisa nikirudi nimletee kadogo, ana panya darini wameshindikana.

Nikajaribu tena, safari hii jikoni. Nilitaka waelewe jinsi joto linavyotakiwa kuzunguka pande zote, kwa hiyo nikachukua mfano wa mkate wa kumimina. Shangazi alikuwa bingwa wa mkate huo: unga wa mchele na tui la nazi, sufuria juu ya jiko, makaa chini, kisha makaa mengine juu ya kifuniko, mkate uive juu na chini. Nikamketisha Baba kwenye kibao cha mbuzi uani, nikamwambia atazame.

"Wapo wanaopiga miale moja kwa moja kwenye kipira," nilimpigia kelele sikioni. "Lakini wengine wanakitia kwanza ndani ya kikopo kidogo cha dhahabu. Miale inapiga kuta za kikopo, kikopo kinapata moto, na joto lake ndilo linaloivisha kipira pande zote. Kama sufuria hii ya Shangazi!"

"Dhahabu?" alisema Baba.

"Dhahabu."

"Halafu kikopo kinakuwaje?"

"Kinayeyuka. Kinapotea."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za msiba. Lakini alikuwa anafuatilia, naliona jicho lake. Nikaendelea. Nikasema hata hivyo joto halikai sawasawa, na ngozi ya kipira ikiwa na kijipele kidogo kama vumbi, kile kijipele kinakua wakati wa kuminywa, kinaingia mpaka katikati na kuharibu kila kitu. Na hapo, kwa upumbavu wangu, nikafunua sufuria nikamwonyesha kwa kijiti.

"Kama hapa. Unaona? Upande huu umevimba, upande huu umebonyea, na hapa umeungua kidogo. Umepinda."

"Nini kimepinda?" aliuliza Shangazi.

"Mkate, Shangazi, nilikuwa natoa mfano tu..."

"Mkate wangu mie umepinda?"

Jamani! Mkate ule ulikuwa umeliwa kwenye maulidi, umeliwa kwenye harusi, watu walikuwa wanauagiza toka Temeke. Shangazi alifunika sufuria, akafunga kanga yake vizuri, akatangaza kwamba kwa kuwa humu ndani kuna msomi anayejua mikate ilivyonyooka, basi msomi apike. Akaenda kulala. Nilipika mie mpaka alipolegea, na Baba alikula ugali wangu akitafuna pole pole kama anayesikiliza jino.

Siku zikawa zinakwenda na radhi sina. Nilianza kulala vibaya. Nikimwuliza, "Baba, sasa umeelewa?" ananijibu, "Bado kidogo." Bado wapi? Hasemi. Mwisho akasema hivi: hitima ya mwaka ya marehemu mama inakaribia, ukoo wote utakuja. Baada ya dua na chakula, nitawaeleza wote kwa pamoja, wao pia waulize, kisha yeye atatoa neno lake la mwisho mbele yao.

Neno la Baba mbele ya ukoo halina rufaa. Akikataa pale, kila mjomba na kila mama mdogo atakuwa amesikia, na hata akijuta baadaye hataweza kulirudisha.

Siku ya hitima watu walijaa, wanaume kwenye mikeka nje, wanawake uani. Kisomo kikasomwa, mama akaombewa. Nililia kidogo kama kila mwaka. Wakati masinia ya pilau yanatoka jikoni, tukamkuta mtani amelala chali mlangoni, mweusi tii kwa mkaa, anakoroma. Hakuna sinia kupita mpaka apewe haki yake. Baba akamwambia aondoe mifupa yake hapo. Yeye akafungua jicho moja akasema marehemu alikuwa mtu mzuri sana, sijui alikosea nini mpaka akaolewa na Mzaramo. Akapewa mnofu wa nguvu, akajiviringisha pembeni. Mambo ya kawaida.

Baada ya kula, tukaingia ndani ukumbini, ile korido ndefu ya katikati ya nyumba, vyumba huku na huku. Wanaume wakakaa upande wa mbele, wanawake upande wa uani, mie katikati. Baba akakohoa, akasema, "Huyu mwanangu anataka kwenda ng'ambo. Sikilizeni kazi anayoiendea."

Nikafungua mdomo. Sikusema hata neno moja. Mlango wa mbele ulifunguka, na mtani akaingia akiwa amejifunga kanga ya Shangazi kichwani, na usoni amejichora miwani kwa mkaa, mikubwa kuliko yangu. Alitembea kama mie ninavyotembea, mgongo wima, kidevu juu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye sikio bovu la Baba akapiga kelele: "KINAMINYWA PANDE ZOTE, BABA!"

Watu waliangua kicheko mpaka mtu mmoja akatoka nje kukohoa. Mie nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini hakuishia hapo. Alichukua kaimati moja kwenye sahani ya wageni, ile ya mviringo iliyochovywa shira, akaiweka juu ya kikombe cha kahawa kilichopinduliwa. Akakiweka kikombe sakafuni katikati. Kisha akakusanya tochi. Miaka ile ya mgao kila mtu alitembea na tochi yake, kwa hiyo alipata nyingi, akawagawia wajomba na kuwapanga mduara, mmoja huku, mmoja kule, mwingine amechuchumaa. "Fungeni milango!" aliamuru. Ikafungwa, mbele na nyuma. Giza, joto la Dar es Salaam, watu wameshiba pilau, jasho linatiririka, na hakuna aliyetoka.

"Nikisema tatu, wote kwa pamoja. Atakayechelewa kaniharibia kipira. Moja, mbili, tatu!"

Tochi zikawaka. Moja ilikuwa na betri dhaifu, ikatoa mwanga wa manjano kama mgonjwa. Ya mjomba mkubwa haikuwaka kabisa, mpaka alipoipiga kwenye goti ndipo ikawaka, wenzake wameshamaliza. Mtani akapiga magoti, akaiwekea kaimati sikio. Akasikiliza kwa muda. Akainua kichwa kwa majonzi.

"Imepinda! Huyu kachelewa, na yule mwanga wake mbovu! Upande mmoja umeminywa, upande mwingine umeachwa! Mmeniulia jua langu, watumwa nyie!"

Na mie hapo nikasahau aibu yangu yote. "Ndiyo!" nilipiga kelele. "Ndivyo hivyohivyo! Mmoja akichelewa kidogo tu, imeharibika! Na kaimati yenyewe tazameni, ina kijimkia, hapo ndipo ingepasukia! Sasa sie tunatafuta namna ya kuipanga hiyo miale, na kulainisha hiyo ngozi, na kuipiga kwanza pole pole ndipo..." Nilikuwa nimepiga magoti pembeni ya mtani, naonyesha kaimati kwa kidole, na wajomba wamenimulika usoni. Nadhani sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile. Waliuliza maswali, wakapangana upya, wakajaribu tena, wakagombana nani kachelewa. Shangazi alisema toka upande wa uani kwamba tatizo ni shira.

Milango ilipofunguliwa, Baba alikuwa bado amekaa palepale. Hakuwa amecheka. Akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Nina swali moja," alisema. "Tangu hao watu wameanza kuminya, kimeshawahi kuwaka hata mara moja, kikatoa moto kuliko ule walioutia?"

Hilo swali nililiogopa tangu siku ya kwanza. Ningeweza kusema wamekaribia. Ningeweza kusema inategemea. Ukoo mzima ulinitazama, na juu ya mlango wa chumba cha mama kanga yake bado ilikuwa imening'inia.

"Hapana, Baba. Hakijawahi."

"Sema kwa sauti."

"HAKIJAWAHI, BABA! Kinawaka kidogo, kinapinda, kinazimika. Wanatia moto mwingi wanapata kidogo."

"Yaani ni hasara?" aliuliza Shangazi.

"Hasara tupu, Shangazi. Na sijui kama mie nitakiwasha. Mie nakwenda kutazama kwa nini kinapinda. Basi."

Minong'ono ikapita ukumbini kama maji. Nikamwona Baba anavuta pumzi, anafungua mdomo, na nikajua, kwa namna mtoto anavyomjua baba yake, kwamba anakwenda kukataa.

Mtani akamtangulia. Alisimama na kanga yake kichwani, akapiga makofi. "Watumwa wangu, mmesikia? Wazungu wote wale, na mashine zao, na vikopo vyao vya dhahabu, wameshindwa! Wamekaa kikao wamelia, wakasema sasa tufanyeje? Wakasema, twendeni Mwananyamala, tumtafute Mzaramo! Mla nazi atatunyooshea! Sasa huyu mtoto anafuata nini huko? Kitu chenyewe hakiwaki! Si akae hapa apike ubwabwa?"

Watu walicheka, wengine walishika mbavu. Mie machozi yalinilengalenga, utani au si utani. Na ndipo Baba aliposimama. Kofia ilimwanguka, hakuiokota.

"Ebo! Mpagazi wee, mjinga wee! Kama kingekuwa kinawaka, wangemwita wa nini? Mtu haitwi kwenye kazi iliyokwisha! Lori likinasa tope pale Wazo wanamwita nani, si yule anayeweza kulinasua? Mwanangu kasimama hapa kasema kweli mbele ya watu, wewe maisha yako yote umelowesha mkaa maji ili uzidi uzito! Atakwenda! Atakwenda, akione kinapopinda, na wewe utabaki hapo kwenye kona na masizi yako!"

Sauti ilimtetemeka. Kisha kutoka upande wa uani Shangazi, yuleyule wa mkate, akapiga kigelegele kirefu mpaka kuku wakakimbia. "Kaka kasema atakwenda! Mmemsikia? Atakwenda!"

"Sijasema..." Baba alianza.

"Umesema!" mtani alimkatiza. "Tena umekasirika! Umemkasirikia mtani mbele ya hitima! Faini! Nataka jogoo, na jogoo mwenyewe yule mwekundu!"

Ukumbi mzima ukaitikia faini, faini. Baba akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Kisha akaketi. Jogoo mwekundu alikamatwa palepale, akaondoka kwapani mwa mtani akipiga kelele, naye mtani bado na miwani yake ya mkaa. Mie nilikuwa nimekumbatiwa na wanawake wote kwa mpigo, nimelowa jasho na machozi na shira ya kaimati.

Asubuhi yake nilimpelekea Baba uji barazani. Alikuwa anatazama barabara. Akaniwekea kiganja kichwani, akanisomea dua, akasema radhi yake ninayo, dunia na akhera. Nikambusu mkono. Nilidhani yamekwisha, nikanyanyuka.

"Nilikuwa nimejiandaa," alisema. "Lile swali. Ungesema kimeshawaka, ningekwambia, basi kazi imekwisha, hawakuhitaji, kaa. Ungesema hakijawaka, ningekwambia, sasa unafuata nini, kaa. Nilikuwa nimeziba kote."

"Halafu?"

"Yule mshenzi akayasema yeye. Maneno yangu yaleyale. Nikayasikia, yakanitia kichefuchefu."

Nikakaa chini tena. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. "Kwa hiyo pulizo, na mkate, na kelele zote zile mpaka sauti imenikauka, kumbe hukutaka kuelewa?"

"Nilielewa siku ile ya pulizo. Nililowa, lakini nilielewa."

"Baba! Kama ulitaka nibaki, si ungeniambia tu, mwanangu, usiende, nitakuwa peke yangu?"

Akakoroga uji wake. "Ungebaki?"

Nilitaka kusema hapana. Nikamtazama, shingo yake imekonda, kofia imekaa upande.

"Ningebaki, Baba."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sikukwambia."